Mbuzi wa Kupaua Kilima

Evarist alibandika ratiba yake ukutani kabla hata hajafungua begi lake la nguo. Karatasi tisa zilizounganishwa kwa gundi zilianzia mlangoni mwa ofisi, ambayo ilikuwa kontena lililotobolewa madirisha mawili, zikapita juu ya meza ya mjiolojia na kuishia kwenye kona ya mbali. Zilijaa mistari ya bluu, ya kijani na ya njano, na mistari yote ilielekea tarehe moja kama ng'ombe wanaoelekea kisimani: tarehe thelathini na moja Agosti, siku ya mwisho ya majaribio yake kazini.

"Kaka, umenifunikia kalenda yangu ya parokia," alisema Efrazia, mjiolojia wa mgodi, bila kuinua macho kutoka kwenye mifuko yake ya mawe.

"Kalenda inakuambia leo ni tarehe ngapi, dada. Hii inakuambia siku hiyo tutakuwa wapi."

"Haya. Tutaona kama kilima kinajua kusoma."

Evarist alicheka. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Endasak, na sababu ya kujivuna alikuwa nayo. Zahanati tatu zilikuwa zimejengwa Hanang kwa ratiba za mkono wake, na ya mwisho ilikamilika siku tatu kabla ya tarehe. Alijua kazi ya ujenzi kama mchungaji anavyojua mkia wa kila ng'ombe wake. Msingi kwanza, ukuta juu ya msingi, lenta juu ya ukuta, kisha paa. Kila kazi ina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Ikiisha unaweka alama ya vema, fundi anakusanya vifaa vyake, anaondoka, na hakuna mtu anayerudi kuujenga tena msingi uliokwisha kujengwa. Mtu anayejua kuzipanga kazi za namna hiyo, alijiambia, anaweza kupanga chochote chini ya jua.

Mgodi wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa shimo la wazi kwenye mgongo wa kilima juu ya Tumati, likishuka kwa ngazi pana ambazo kila moja ilikuwa na kimo cha nyumba. Kando ya shimo kulikuwa na kinu, pipa la chuma refu kama basi, likizunguka usiku na mchana na kusaga mawe yenye dhahabu, ambayo wachimbaji huyaita mbale. Ngurumo yake ilisikika mpaka mashambani. Akina mama wa Tumati walikuwa wamekwisha kuizoea, kama mtu anavyozoea mapigo ya moyo wake mwenyewe.

Meneja alikuwa mwanamke mfupi kutoka Tukuyu, Kissa, mwenye sauti ya chini inayowafanya watu wasogee karibu.

"Shikamoo, madam," alisema Evarist.

"Marahaba. Sikiliza, Evarist. Kinachonguruma pale ni kinu. Kinataka tani mia mbili za mawe kila siku ya Mungu. Kikila kila siku mpaka mwisho wa Agosti, utabaki na sisi. Kikilala na njaa hata siku moja kwa sababu ya ratiba yako, utarudi kwenye zahanati zako. Tumeelewana?"

"Hakitalala, madam. Hata saa moja."

"Usiniapie mimi. Mimi sichimbwi."

Juni ilipita vizuri, na Julai ikaja na ukungu wake. Kazi kubwa kuliko zote kwenye ratiba ya Evarist iliitwa "Kuondoa kifusi", yaani udongo na mawe matupu yanayoifunika mbale. Alikuwa ameipa siku arobaini na mbili. Katapila moja kubwa lilikwangua, matipa mawili yakabeba, na msimamizi wa shimo, mzee Bura, akasimama kwenye baridi na koti lake la jeshi akielekeza kwa fimbo. Siku ya arobaini na moja mbale ilionekana chini ya shimo lote, nyeupe yenye kutu kama mfupa uliochimbuliwa. Evarist alikimbia ofisini akaweka alama ya vema, kubwa, kwa kalamu nyekundu.

Halafu akanunua mbuzi.

Huko alikotoka, nyumba ikipauliwa mafundi huchinjiwa mbuzi, na mwenye nyumba asiyechinja huambiwa atayasikia ya paa lake masika ikija. Kwa Evarist, kumaliza kifusi kulikuwa ndiko kupaua. Beberu mweusi alitoka mnada wa Gendabi, akapanda kilima nyuma ya pikipiki akilalamika njia nzima. Nyama ikaiva. Watu wakala, wakasifu, wakalamba vidole.

"Injinia," aliuliza mzee Bura huku akitafuta uboho kwenye mfupa, "mbuzi huyu ni wa nini?"

"Wa kumaliza kifusi, mzee wangu."

Mzee Bura aliacha mfupa. Aliwatazama wenzake, wenzake wakalitazama shimo, na mmoja akakohoa. "Kumaliza," alisema mzee Bura taratibu. "Basi tunashukuru. Nyama ni tamu."

Wala hakuongeza neno. Katika nchi hiyo humkatizi mtu furaha wakati bado unatafuna mbuzi wake, na zaidi ya hapo kila mmoja alidhani kijana msomi ana siri yake. Wiki hiyo hiyo Evarist aliwakodisha katapila watu wa Endasak waliokuwa wakisawazisha kiwanja cha ghala la mahindi. Wiki sita. Kazi yake hapa si imekwisha? Tena akaanzisha kazi iliyofuata kwenye karatasi, "Kusafisha eneo": lundo kubwa la mawe yenye dhahabu hafifu lililokuwa nyuma ya kinu tangu enzi za watu waliomtangulia libebwe, likajaze mashimo ya barabara.

Tarehe tano Agosti, baada ya chakula cha mchana, Efrazia alimwita mezani kwake. Mbele yake kulikuwa na majibu ya sampuli kutoka maabara, na uso wake haukuwa na utani.

"Kaka Evarist, mbale tuliyoifunua inatosha siku kumi na moja."

"Haiwezekani. Chini kote ni mbale."

"Chini kote ilikuwa mbale. Nimetoboa mita nne tu, na mshipa wa dhahabu umegeuka. Haushuki wima. Unalala kuelekea mashariki, unaingia chini ya ule ukuta ambao hatujaugusa. Juu yake kuna kifusi cha siku tisa za katapila." Alichungulia dirishani. "Na katapila liko wapi?"

Evarist alihisi masikio yanawaka moto. "Kifusi tulikimaliza," alisema, na mwenyewe akayasikia maneno yake yakianguka sakafuni kama sahani.

"Kifusi hakiishi. Vuta kiti."

Akaigeuza kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na kilima chote, kile kile alichokipanda kila asubuhi, lakini kilikuwa kimekatwa vipande vya mraba kama sabuni ya mche inavyokatwa dukani, maelfu kwa maelfu. Vingi vilikuwa vya kijivu. Ndani yake, ukipita kwa kuinama kama moshi wakati wa upepo, kulikuwa na mkanda wa njano, na katikati ya njano chembe chache nyekundu.

"Kijivu ni jiwe lisilolipa gharama ya kulichimba. Njano ina dhahabu kidogo. Nyekundu imeshiba. Haya, chagua kimoja chekundu."

Evarist alichagua kilichokuwa chini kabisa. Efrazia akakibonyeza. Papo hapo vipande tisa juu yake vikawaka. Juu ya hivyo tisa vikawaka ishirini na vitano, na juu ya hivyo arobaini na tisa, na mwanga ukaendelea kupanda na kupanuka, ngazi juu ya ngazi, mpaka ukatokea kwenye majani ya juu ya kilima, mpana kama uwanja wa mpira.

"Ukikitaka hicho kimoja," alisema Efrazia, "hivi vyote lazima viondoke kwanza. Ukichimba wima, ukuta utakufukia."

Evarist aliinamia kioo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amepanga kutoka chini kwenda juu, na kitu kinachopangwa hakikuwapo mpaka yeye aseme kiwepo. Hapa kila kitu kilikuwapo tayari. Kilikuwa kimepangwa tangu zamani, na mpangaji wake hakuacha karatasi.

"Huu mshipa una umri gani?"

"Maji ya moto yaliupitisha kwenye nyufa hizi kabla Mlima Hanang haujatema moto wake wa kwanza. Kabla hata Hanang haijawa mlima. Dunia ilikuwa haina jani, kaka. Haina hata mdudu wa kutambaa."

"Na ratiba yake... wewe unaweka vipi alama ya vema?"

"Siweki. Natoboa, napima, napanga. Tukichimba nakuta sivyo, napanga tena. Fundi wako akimaliza ukuta, kesho hataukuta umegeukia mashariki. Mimi nakuta. Halafu kinu nacho hakitaki mawe mekundu leo na matupu kesho, kitavuruga dawa zote za kutoa dhahabu. Kinataka mchanganyiko ule ule kila siku. Kwa hiyo nikila chekundu chote sasa, nimekula mbegu. Na tunapochimba cha leo, lazima mtu mwingine awe anafunua cha mwezi ujao. Wakati wote." Akaandika tarakimu moja kwenye kona ya kioo. "Tazama. Hii ni bei ya dhahabu. Ikipanda kidogo tu..."

Kilima kikabadilika rangi. Vipande vilivyokuwa vya kijivu viligeuka njano mamia kwa mamia, kama shamba linalochanua kwa pumzi moja. Hakuna jiwe lililosogea, na bado kilikuwa kilima kingine.

"Na mwisho wake?" Evarist aliuliza kwa sauti ndogo. "Mwisho ni lini?"

"Mwisho upo. Unatembea."

Alitoka nje akatembea mpaka ukingoni mwa shimo. Ukungu ulikuwa umeinuka, na mbali kusini Hanang ilisimama peke yake juu ya nchi yote. Chini yake mwenyewe, chini ya buti zake za enzi za zahanati, giza la mawe lilikuwa na mpango mrefu kuliko vizazi vyote vya watu, na yeye alikuwa ameubandikia karatasi tisa na kuuchinjia mbuzi.

Lakini moto wa kiburi hauzimwi kwa ndoo moja. Asubuhi iliyofuata alishuka chini ya ukuta wa mashariki na kumwita mzee Bura. "Mzee, mbale inaonekana hapa chini ya ukuta. Tuichimbe hivi hivi, kwa pembeni. Tutapata siku kumi za bure."

"Mimi siingii hapo."

"Ni amri, mzee."

"Amri ya nani? Wewe una mistari. Mimi nina wajukuu saba." Mzee Bura aliinua fimbo, akaonyesha ufa mwembamba uliopita juu ya vichwa vyao. "Njoo huku nilipo. Njoo, mwanangu. Halafu tutagombana vizuri."

Evarist alisogea, kwa hasira, hatua kumi hivi. Walisimama. Kokoto tatu zilidondoka. Kisha, bila haraka yoyote, kama ng'ombe anayeamua kulala, jiwe kubwa kuliko ng'ombe lilijitoa ukutani na kutua pale pale aliposimama akitoa amri. Ardhi ilitikisika ndani ya meno yake. Vumbi lilipopungua mzee Bura alikuwa anafuta macho kwa kona ya koti.

"Unaona," alisema, "na kilima nacho kina ratiba."

Evarist alikaa chini. Alilitazama lile jiwe muda mrefu, na alipoinuka hakuwa tena na la kugombania.

Kwenye kikao cha asubuhi iliyofuata, watu wote wakiwa wamesimama kwa baridi kando ya tangi la maji, aliomba kusema. "Madam Kissa. Mzee Bura. Wenzangu. Nilisema kifusi kimekwisha. Nilikosea. Nilikipanga kilima kama nyumba. Mbale iliyo wazi imebaki ya siku tisa, na katapila nimelifukuza mwenyewe."

Sauti ikatoka nyuma: "Na mbuzi tulishamla!"

Watu wakaangua kicheko, na tangu saa ile jina lake likawa Bwana Mbuzi. Kissa hakucheka. "Umetuambia ugonjwa," alisema. "Dawa?"

"Lile lundo la mawe hafifu nyuma ya kinu. Dada Efrazia amelipima. Tukichanganya nusu kwa nusu na mbale yetu, dhahabu itapungua lakini kinu kitakula siku kumi na nane badala ya tisa." Hapo akasita, maana alikumbuka. "Ila nilikuwa nimeagiza libebwe. Sijui limebaki kiasi gani."

Mzee Bura alikohoa. "Limebaki lote. Tipa liliumwa."

"Liliumwa nini, mzee?"

"Sijui. Kila nikiliambia likabebe lundo, linaumwa. Likienda kwingine linapona."

Safari hii hata Kissa alicheka. Lakini hesabu ilikuwa bado haijafunga. Katapila lingerudi mwisho wa mwezi, na baada ya kurudi lilihitaji siku tisa za kufunua ukuta. La kukodi kutoka Arusha lingechelewa vile vile. Evarist alipanda pikipiki siku hiyo hiyo, nusu siku ya vumbi mpaka Endasak, akamkuta msimamizi wa kile kiwanja cha ghala, mtu mnene aitwaye Alfredi.

"Katapila lako silitoi," alisema Alfredi. "Nina wiki tatu za kazi."

"Nionyeshe ratiba yako."

Na hapo Evarist alikuwa nyumbani. Aliisoma mara moja akaona pengo lilipo: katapila lilichimba mtaro, likasimama siku nne likisubiri kifusi cha kujazia, likachimba tena. Alifuta, akapindua, akatanguliza mitaro yote na kuweka ujazaji nyuma yake. Kiwanja hakikubisha. Hakikugeukia mashariki. Kabla chai haijapoa, wiki tatu zilikuwa zimekuwa siku nane.

"Wewe ni mchawi," alisema Alfredi.

"Hapa, ndiyo," alijibu Evarist. "Kule juu mimi ni Bwana Mbuzi."

Katapila lilirudi Tumati tarehe kumi na sita na kuupanda ukuta wa mashariki kutoka juu, ngazi kwa ngazi, kama kilima kilivyodai. Lilikuta jiwe gumu ambalo hakuna aliyelitarajia. Efrazia alipanga upya. Likakuta udongo laini. Akapanga upya tena. Evarist alikuwa naye kila siku, akishika utepe wa kupimia, akiuliza, akinyamaza. Siku tisa zikawa kumi na moja. Kilima hakikuwa na hasira na mtu. Kilikuwa tu jinsi kilivyo.

Tarehe ishirini na tano asubuhi, jiwe la mwisho liliingia mdomoni mwa kinu, na kinu kikapunguza mwendo, kikaguna, kikasimama.

Hakuna aliyekuwa tayari kwa ukimya ule. Mbwa walibweka kijiji kizima. Mwanamke mmoja aliyekuwa akivuna maharage alisimama wima shambani, mkono kifuani, akitazama juu. Evarist alilisikia kwa mara ya kwanza lile shimo lenyewe: upepo ukizunguka ndani ya ngazi zake, maji yakichuruzika mahali fulani, na chini ya vyote utulivu mkubwa, uliokuwapo kabla ya sikio la kwanza. Alivua kofia ngumu bila kujua kwa nini.

Ulikuwa ukimya wa siku mbili. Siku ya kwanza jioni alikwenda kwa Kissa.

"Kinu kimelala na njaa, madam. Ulisema."

Kissa alimtazama. "Ningeweza kuandika kwamba ni matengenezo. Vyuma vya ndani nimevibadilisha leo, ni kweli."

"Vimebadilishwa kwa sababu kilikuwa kimesimama. Hakikusimama ili vibadilishwe."

"Una kiburi hata unapofukuzwa."

"Ndiyo, madam."

"Nilisema, na sirudishi neno. Kazi yako ya ratiba imekwisha." Akasubiri. "Mbona huondoki?"

"Naomba kazi nyingine. Dada Efrazia hana mtu wa kubeba mifuko ya sampuli. Nataka kuanzia pale."

"Injinia wa zahanati tatu, ubebe mawe?"

"Nataka kujua kinachosemwa mle ndani. Sijaona kitu kikubwa kama kile maishani mwangu."

Kissa aliangalia dirishani, kwenye kinu kilichonyamaza. "Muulize mwenyewe," alisema. "Akikubali, mshahara ni wa mbebaji. Na buti unavaa zako."

Tarehe ishirini na saba katapila liliinua kifusi cha mwisho chini ya ukuta wa mashariki. Mshipa ulitokea, mweupe, wenye kutu, ukiwa umelala kama Efrazia alivyosema, na mwanga wa jua ukaugusa kwa mara ya kwanza tangu dunia ianze. Watu walisogea wakatazama kidogo, kisha wakarudi kazini. Evarist alipiga magoti mbele yake na nyundo mkononi.

"Gonga hapo," alisema Efrazia. "Usichague linalong'aa. Kila mita moja, liwe zuri au baya."

Akagonga. Jiwe lilikuwa baridi kiganjani, zito kuliko ukubwa wake. Nyuma yake tipa la kwanza lilipanda na mzigo, mzee Bura akilitukana kwa upendo, na baada ya muda ngurumo ikarudi kutoka juu na kujaza bonde. Evarist hakugeuka. Alikuwa ameinamia mfuko, akiandika namba na kina, kwa herufi ndogo sana.